Roboti hii au roboti huyu? Somo la tafsiri kutoka vichezeo vya Japani

1. Utangulizi

Mwanafunzi anayetafsiri kutoka Kifaransa kwenda Kiswahili huogopa maneno magumu: istilahi za sheria, za hospitali, za madini. Neno dogo kama «il» halimtishi. Katika makala haya tunataka kuonyesha kwamba «il» nalo linaweza kumshinda. Tutatumia mfano ambao hauingii mara nyingi katika vyumba vya masomo: vichezeo vya roboti zinazojigeuza, vilivyozaliwa Japani na kujulikana duniani kwa jina la Transformers.

Tumechagua mfano huu kwa sababu mbili. Kwanza, kitu chenyewe hakibadiliki sana. Vichezeo vilevile, vilivyotoka katika kalibu zilezile, viliuzwa Japani, Marekani, Italia na Brazili. Kilichobadilika zaidi ni maneno: jina kwenye sanduku, hadithi ya katuni, mazungumzo ya filamu. Kwa hiyo tunaweza kuiona kazi ya lugha karibu peke yake. Pili, kila nchi ililazimika kujibu swali moja: roboti hiyo ni chombo au ni mtu? Kiswahili nacho kinauliza swali hilo, tena katika kila kitenzi.

2. Mashine na dereva wake

Kampuni ya Takara ya Tokyo ilianza kuuza vichezeo vya Diaclone mwaka 1980. Yalikuwa magari, ndege na mashine za vita, pamoja na vijitu vidogo vyenye sumaku miguuni. Vijitu hivyo ndivyo vilivyokuwa madereva na marubani. Mtoto alikiweka kijitu ndani ya mashine, na mashine ikawa na wa kuiendesha. Mwaka 1982 ukaongezwa mfululizo wa Car Robot: magari ya barabarani yaliyopunguzwa ukubwa, ambayo yakikunjuliwa huwa roboti.

Mwaka 1983 kampuni hiyohiyo ikatoa Micro Change, tawi la vichezeo vyake vya zamani vilivyoitwa Microman. Hapa roboti zilifichwa katika umbo la vitu vya kila siku: bastola, kinasa sauti na kaseti zake, hadubini, kamera.

Tutazame majina. Gari la mbio liliitwa Countach LP500S, yaani jina lilelile la gari lenyewe. Jingine liliitwa Fairlady Z. Lori lenye trela liliitwa Battle Convoy. Bastola iliitwa Gun Robo, na gari dogo Mini Car Robo. Ni majina ya aina, kama yale tunayoyasoma kwenye sanduku la vipuri: yanasema kitu ni cha namna gani, hayasemi ni nani. Hilo halishangazi, kwa kuwa katika hadithi ya Diaclone aliyekuwa na roho na nia ni binadamu aliyekaa ndani. Roboti ilikuwa chombo chake.

3. Marekani, 1984: dereva anaondoka

Kampuni ya Hasbro ya Marekani ilichukua vichezeo kutoka mifululizo hiyo miwili, ikaviunganisha na kuvitoa mwaka 1984 kwa jina moja, The Transformers. Vijitu vyenye sumaku viliachwa. Katika baadhi ya magari viti vya madereva vilibaki, lakini vilikuwa vitupu.

Ili kukijaza kiti hicho, Hasbro iliwaendea waandishi wa vitabu vya katuni wa Marvel. Jim Shooter alitunga chanzo cha hadithi: roboti hao wametoka sayari ya Cybertron, wana uhai wao, na wamegawanyika katika kambi mbili zinazopigana, Autobots na Decepticons. Dennis O'Neil alibuni jina Optimus Prime. Bob Budiansky alibuni sehemu kubwa ya majina mengine na kumwandikia kila mmoja maelezo ya tabia yake. Nyuma ya sanduku mnunuzi alikuta kitu kinachofanana na faili ya mtu: alama za nguvu, akili, ujasiri na cheo, pamoja na msemo wake mwenyewe.

Matokeo yake yanaonekana vizuri kwa Countach. Japani, Countach mbili zilikuwa magari tu. Marekani, ya njano ikawa Sunstreaker na nyekundu ikawa Sideswipe, na maelezo yao yakasema kwamba hao wawili ni ndugu mapacha. Jina la aina liliondoka, likaja jina la mtu. Na mara mtu alipopata jina, akapata na ndugu.

4. Japani, 1985: wenyewe wanarudishiwa

Mwaka 1985 Takara ilivileta vichezeo hivyo nyumbani, safari hii pamoja na hadithi ya Kimarekani. Watoto wa Kijapani waliokuwa na Diaclone nyumbani walikuwa wameshazoea kwamba mashine hizi huendeshwa. Kichwa cha katuni ya Kijapani kilitoa jibu jipya waziwazi: Tatakae! Chō Robotto Seimeitai Toransufōmā. Neno «seimeitai» maana yake ni kiumbe chenye uhai. Kichwa cha Kiingereza hakikuwa na neno la namna hiyo. Japani lilitiwa kwenye kichwa chenyewe, kabla hadithi haijaanza.

Majina hayakubaki yote kama yalivyokuwa Marekani. Optimus Prime aliendelea kuitwa Convoy, kama lori la zamani. Sideswipe akaitwa Lambor, na Mirage akaitwa Ligier, majina yanayokumbusha watengenezaji wa magari yao. Jazz akawa Meister. Tunaona basi kwamba desturi ya Diaclone ya kumwita roboti kwa gari lake haikufutika. Ilichanganyika na desturi mpya.

Hapa pana mtego ambao kila mwanafunzi wa tafsiri anapaswa kuufahamu. Kwa Kiingereza, Cybertron ni sayari. Kwa Kijapani, Saibatoron ni kambi ya wema, wale wanaoitwa Autobots kwingineko, na sayari yenyewe ikapewa matamshi tofauti kidogo: Seibātoron. Kambi ya uovu iliitwa Desutoron. Kwa hiyo mtu akisoma maandishi ya Kijapani na kutafsiri «Cybertron» kwa kufuata sauti tu, atawageuza wapiganaji kuwa nchi yao. Brazili ilitokea jambo linalofanana: kampuni ya Estrela ilipotoa vichezeo hivyo, kambi mbili ziliitwa Optimus na Malignus. Jina ambalo kwingine ni la kiongozi mmoja, huko likawa la kundi zima. Tumezoea kuitafuta mitego ya aina hii kati ya Kifaransa na Kiingereza, yaani maneno yanayofanana sura na kutofautiana maana. Majina pekee nayo yana mitego hiyo, ingawa tunayanakili bila kuyafikiria.

Neno Convoy lenyewe lilibadilika kazi polepole. Lilianza kama jina la lori, likawa jina la mhusika, kisha likawa kama cheo: kiongozi aliyefuata aliitwa Rodimus Convoy, na baadaye wakaja wengine kama Star Convoy na Fire Convoy. Kwa Kiingereza, neno Prime lilipita njia hiyohiyo, ndiyo maana kiongozi huyo wa pili huitwa Rodimus Prime. Tangu filamu ya mwaka 2007, Wajapani nao hutumia Optimus Prime kwa mhusika wa filamu hizo.

5. Binadamu anarudi ndani

Mtu angedhani kwamba baada ya 1985 swali lilikuwa limekwisha. Sivyo. Mwaka 1987 vilitolewa vichezeo vya Headmasters, ambavyo kichwa chake hung'oka na kuwa kijitu. Katika hadithi ya Marekani, vijitu hivyo ni Wanebulon, viumbe wa nyama na damu wanaoshirikiana na roboti. Katika katuni ya Kijapani ya mwaka uleule, ni roboti wadogo walio hai, na mwili mkubwa ni chombo wanachokivaa.

Mwaka 1988 tofauti ilizidi. Kichezeo kimoja cha lori kiliuzwa Marekani kama Optimus Prime aliyezaliwa upya, akiwa na mwenzake mdogo anayegeuka kuwa injini. Japani, katika mfululizo wa Masterforce, lori hilo lilikuwa la Ginrai, binadamu, dereva wa malori, ambaye huungana na mashine na kuwa roboti. Kiti cha dereva kilichoachwa kitupu mwaka 1984 kikapata mtu tena.

Washindani wao walitoa jibu la tatu. Mfululizo wa Machine Robo ulianza Japani mwaka 1982, nao ulikuwa na majina ya aina: pikipiki iliitwa Bike Robo, namba MR-01. Kampuni ya Tonka iliuza vichezeo hivyo Marekani kwa jina GoBots, na pikipiki ikawa Cy-Kill, jina linalocheza na neno la Kiingereza la pikipiki na lile la kuua. Katika katuni yao ya 1984, GoBots wana asili ya viumbe wa kawaida ambao ubongo wao ulihifadhiwa ndani ya miili ya chuma. Ulaya vichezeo hivyohivyo viliitwa Robo Machine, na Australia Machine Men, yaani watu-mashine. Tunapata basi majibu matatu kwa umbo moja la plastiki: mtu yuko ndani ya mashine, mashine yenyewe ni mtu, au mtu amebadilishwa kuwa mashine.

6. Njia tano za kulishughulikia jina moja

Kabla ya kurudi kwenye Kiswahili, tukusanye mbinu zilizotumiwa kwa jina la kiongozi wa Autobots. Kila moja ina faida yake na hasara yake.

(a) Kulihifadhi jina. Filamu za tangu 2007 huacha Optimus Prime katika lugha nyingi. Jina linatambulika kote, lakini maana yake inabaki kwa wanaojua Kilatini: «optimus» ni aliye bora kabisa.

(b) Kulirekebisha. Katika Kifaransa cha Québec aliitwa Optimus Primus. Marekebisho hayo yana mantiki, kwa sababu «prime» kwa Kifaransa ni nyongeza ya mshahara, na kiongozi wa vita hawezi kuitwa hivyo bila kuchekesha. Lakini tulisome jina hilo hapa Kongo. Kwetu Primus ni bia. Dawa iliyofaa kwa wasemaji wa Kifaransa wa Québec ingewafanya wasikilizaji wa Kisangani au Bukavu waangue kicheko palepale ambapo kiongozi anatoa hotuba ya mwisho. Wasemaji wa Kifaransa ni wengi na nchi zao ni mbalimbali. Tafsiri iliyofaa kwa baadhi yao si lazima itufae sisi.

(c) Kuweka cheo badala ya jina. Italia ilimwita Commander, na Autobots wakawa Autorobot. Kazi ya mhusika inaeleweka mara moja, ila upekee wake unapungua.

(d) Kutafsiri maana. China bara aliitwa Qingtianzhu, nguzo inayoshikilia mbingu, na adui yake Megatron akaitwa Weizhentian, anayetikisa mbingu kwa nguvu zake. Majina hayo mawili yanajibizana: mmoja anaishika mbingu, mwingine anaitikisa. Autobots waliitwa «qiche ren», watu-magari. Neno «ren» ni mtu. Kichina kikajibu swali letu katika jina lenyewe.

(e) Kulipa jina umbo la jina la kienyeji. Taiwan aliitwa Ke Bowen. Sauti inafuata Convoy ya Kijapani, lakini herufi zinasomeka kama jina la ukoo na jina la mtu, kama jina la jirani.

7. Kiswahili kinapoulizwa

Sasa tuje kwenye «il». Tuchukue sentensi mbili za Kifaransa tulizozitunga wenyewe: «Le camion s'arrêta devant la maison. Il regarda l'enfant.» Kifaransa hakituambii kama «il» ni chombo au mtu. Kinatuambia tu kwamba «camion» ni la jinsia ya kiume, jambo lisilo na faida hapa. Kiingereza kingelazimika kuchagua kati ya «it» na «he». Kijapani kina vitenzi viwili vya kuwapo: «aru» kwa vitu na «iru» kwa watu na wanyama. Kiswahili huchagua kila mahali: katika kitenzi, kivumishi, kiashiria.

Jaribio la kwanza: «Lori likasimama mbele ya nyumba. Likamtazama mtoto.» Sarufi ni safi. Lakini lori linabaki kitu, na kutazama kwake kunaonekana kama tamathali, kama tunavyosema dirisha linatazama barabara.

Jaribio la pili: «Lori likasimama mbele ya nyumba. Akamtazama mtoto.» Hapa msomaji wa Kiswahili atauliza mara moja: nani? Naye atajijibu: dereva. Kiambishi a- kinatafuta mtu, na mtu wa karibu kabisa na lori ni yule anayeliendesha. Bila kukusudia, mtafsiri amemrudisha yule dereva wa Diaclone aliyeondolewa mwaka 1984.

Jaribio la tatu: «Lori likasimama mbele ya nyumba. Optimus akamtazama mtoto.» Sasa maana imekaa sawa, mradi msomaji ameshajulishwa kwamba lori hilo ndilo Optimus. Jina limeitengenezea a- njia. Hapo tunaelewa kwa nini katika nchi zote tulizozitaja kazi ya kumfanya roboti awe mtu ilianzia kwenye jina. Katika Kiswahili, jina la mtu ndilo linaloruhusu upatanisho wa mtu, na upatanisho huo ndio unaolinda utu wa mhusika hadi mwisho wa hadithi.

Tusidhani kwamba jambo hili ni geni katika lugha yetu. Umbo la nomino haliamui peke yake. Kijana, kiongozi na kipofu vina ki-, lakini tunasema kijana anakuja. Sungura na fisi wa hadithi huchukua a- na wa-. Kwa neno maiti wasemaji wenyewe hugawanyika: wengine husema maiti hii, wengine maiti huyu, na tofauti hiyo inaonyesha jinsi kila mmoja anavyomwona aliyelala pale. Kiswahili cha mitaani Lubumbashi kimepunguza ngeli nyingi, lakini hata huko mtu mmoja anakuya na watu wengi banakuya. Msemaji asiyewahi kufundishwa ngeli anajua vilevile kumtofautisha mtu na kitu.

Roboti ni neno la mkopo ambalo bado halijatulia. Wengine husema roboti hii, wengine roboti hili. Roboti huyu si kosa, ni uamuzi. Sisi wenyewe tumeufanya katika makala haya: katika sehemu ya pili tuliandika kwamba roboti zilifichwa, na katika sehemu ya tatu kwamba roboti hao wametoka Cybertron. Tulifuata hadithi ilivyosema.

Kutokana na hayo tunapendekeza kanuni tatu kwa anayetafsiri hadithi za aina hii, ziwe za roboti, za wanyama au za vitu vinavyosema.

Kanuni ya kwanza: kabla ya kutafsiri mstari wowote, jiulize hadithi yenyewe inampa nani roho. Ginrai na Optimus wanafanana kwa plastiki, lakini hawawezi kupata upatanisho mmoja. Mwili wa Ginrai ni chombo. Optimus ni mtu.

Kanuni ya pili: mtaje mhusika kwa jina kabla ya kuanza kutumia a-. Usikiache kiambishi kitafute mtu peke yake.

Kanuni ya tatu: tumia mabadiliko ya upatanisho pale ambapo roboti anajigeuza. Kifaransa kingetumia «il» kabla na baada. Sisi tunaweza kusema: «Lori lililokuwa limeegeshwa kando ya barabara likatetemeka, likafunguka, likanyanyuka, Optimus akasimama.» Vitenzi vitatu vya kitu, kisha kitenzi kimoja cha mtu. Yule asiyejua siri ataendelea kuliona lori na kusema li-. Aliyeijua atasema a-. Hivyo mtafsiri anaweza kuonyesha nani anajua nini bila kuongeza hata neno moja la maelezo.

8. Mazoezi

1. Tafsiri kwa Kiswahili: «Le robot était vieux. Personne ne le réparait plus. Il attendait.» Toa tafsiri mbili, moja ikimfanya roboti kuwa mtu, nyingine ikiifanya kuwa chombo. Eleza ni maneno mangapi yamebadilika, na ni katika tafsiri gani «attendre» linafaa kuwa kungoja.

2. Tunasema mbwa wangu, lakini rafiki yangu na ndugu yangu. Kwa roboti aliye mtu, utachagua roboti wangu au roboti yangu? Toa sababu kutoka matumizi ya watu wa mji wako, bila kutegemea kamusi peke yake.

3. Tunga jina la Kiswahili la Optimus Prime kwa kila mojawapo ya njia tano za sehemu ya sita. Msomee mtoto wa jirani majina hayo, kisha umwulize anadhani huyo ni nani. Andika jibu lake kama lilivyo, hasa kama alisema ni nini.